Huyo Hauzwi

Jumamosi ya Agosti, jua la Nairobi limechelewa,
tumetandika leso kwenye nyasi za Arboretamu
kati ya twiga wa vyuma chakavu
na picha zilizoanikwa kambani kama nguo.

Mama amevua viatu. Anamenya machungwa
bila kutazama saa.
Kageha ana kipepeo shavuni;
rangi imeingia hadi kwenye chapati.

Baba, fundi wa lifti, mtu wa zamu na simu,
amelala chali, kofia usoni,
hatikisiki.

Mgeni mmoja akasimama, akamzunguka polepole,
akainama kutafuta kibandiko.
"Huyu ni bei gani?"

Kageha, mdomo umejaa:
"Huyo hauzwi. Tumemwazima kazini.
Jumatatu tunamrudisha."