Safari Moja ya Kokoto

Barua iliingia alfajiri, salamu ndefu,
jina langu wamelikosea: Mpendwa Sabrina.
Mimi ni Swabra.
Wamefurahishwa na kazi yangu, wamefurahishwa mno.
Mfumo wa malipo nilioufumua
nikaufuma upya kwa miezi saba
sasa haudondoshi hata senti.
Na kwa kuwa wamefurahi hivyo,
mkataba mpya utakuwa dola tisa kwa saa
badala ya kumi na moja.
Hali ya soko, wamesema. Tunajua utatuelewa.

Nikaelewa. Kuelewa ndiyo kazi yangu.

Miaka kumi na miwili naelewa:
kosa lililojibanza mstari wa elfu nne
nalijua kama mama ajuavyo chumvi imezidi
kabla hajaonja;
naelewa kwa nini saa nane za usiku, hapa Langoni,
sharti niwe nimevaa shati la heshima juu
na leso chini,
nikiwatabasamia watu ambao kwao
jua halijatua.

Mwezi wa Rajabu mtu wao mmoja, kwa pupa,
alinitumia ankara isiyokuwa yangu.
Humo nilikuwa bidhaa:
mhandisi mwandamizi, mmoja,
dola themanini na tano kwa saa.
Niliifunga haraka
kama mtu aliyesukuma mlango wa choo
akamkuta mkwewe.
Sikumwambia yeyote. Niliona haya mimi,
sijui kwa nini mimi.

Adhuhuri Famau akaja na punda watatu.
Namjengea mama chumba cha juu.
"Safari moya mia tatu," akasema,
na safari ni ishirini na mbili.
Nikamwambia mia mbili na hamsini.
Nikamwambia kazi ni nyingi, utakuwa nami siku nzima.
Nikamwambia nikiridhika nitakutaja kwa majirani.
Nikamwambia, Mungu anisamehe,
hali ya soko.

Hakucheka. Alikaza kamba ya shogi.
"Dada, bei si yangu nikakupunguzia.
Bei ni ya gatini. Tuko arubaini na moya.
Nikishusha mimi leo, kesho atashusha Shali,
kesho kutwa punda wote wa Amu
watabeba mawe kwa shukrani."
Punda wa mbele akatikisa sikio
kana kwamba naye alihudhuria kikao.

Nikatoa mia tatu.

Nikapanda juu, nikafungua mashine.
Gati langu mimi liko wapi?
Wenzangu ni nani, wanakaa wapi,
nani kati yao anangoja niikatae tisa
apate kuipokea nane?

Mmoja namjua. Sura yake sijaiona.
Nilirithi kazi yake mwaka juzi walipomwacha;
jina lake lingali kwenye daftari la mabadiliko:
Marivic.
Aliandika safi, bila mbwembwe,
kila kitu mahali pake kama kabati la bibi.
Ila katikati ya msimbo, usiku fulani wa kwao,
aliacha maneno mawili yasiyoamrisha mashine lolote.
Niliyatafutia maana: nimechoka tayari.
Nilifuta mengi katika kazi ile.
Hayo sikuyafuta.

Wakala anangoja jibu kabla ya saa kumi na mbili.
Nimeandika tarakimu, nimeifuta, nimeiandika tena.
Chini kokoto zinamwagika, safari ya tisa,
na mama anamuuliza Famau kama amekula.

Nimeiacha barua ya wakala ilivyo.
Nimefungua nyingine, tupu,
nimeandika bila salamu ndefu:

Marivic, hunijui.
Nilikuja baada yako, kwenye kazi ile ile.
Nakuomba uniambie, nami nitakwambia:
walikuwa wakikulipa ngapi?