Kibati cha Viatu

Mlangoni mwa kasri la Mysore
hakuna anayekuuliza jina. Wanakuuliza viatu.
Kempamma huvipokea kwa mkono wa kushoto,
kwa wa kulia hukupa kibati chenye namba,
na hapo jaji na mwuza asumini
nyayo zao zaonja ubaridi wa sakafu moja.

Mimi ni mbeba mitungi ya gesi, Tumakuru.
Ngazi nazijua kwa idadi, si kwa urembo.
Binti yangu Mallika, miaka minane,
ndiye aliyetaka kuiona nyumba ya dhahabu;
akanivuta kidole ukumbi hadi ukumbi
kama apelekaye ng'ombe mnadani.

Tukaona vioo vya darini vikimwaga rangi za tausi,
milango ya fedha iliyochoka kusuguliwa,
kiti cha dhahabu cha kupandia tembo.
"Kizito?" Mallika akamwuliza mlinzi.
"Sana."
"Na tembo?"
Mlinzi akatazama kando.
Mimi nikajishika bega.

Ukutani wamechorwa watu wa maandamano:
farasi, bendera, wapiga tarumbeta,
kila mmoja na masharubu yake.
Nikamtafuta mbeba maji. Nikamtafuta sana.
Mallika akamwona kwanza,
nyuma ya gurudumu,
nusu yake imemezwa na fremu.

Tulipotoka, kibati hakipo.
Mfuko wa shati, hakipo. Wa suruali, hakipo.
Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna.
"Basi nieleze viatu vyako," akasema Kempamma.

Nikafungua kinywa.
Ningeweza kumweleza kile kiti, ua kwa ua,
na nguzo, na shingo ya kila tausi.
Lakini champali zangu? Nyeusi? Za kahawia?
Mwaka wa nne huu zanibeba
na sijapata kuziangalia.

Akanikagua, si usoni, begani.
Akainama chini ya rafu, akaguna, akaibuka nazo:
kisigino cha kulia kimelika hadi kuwa karatasi.
"Wewe mzigo huuweka upande huu."
Sikujua niseme nini. Nikasema ndiyo.

"Miaka ishirini na sita nipo hapa," akasema,
"ndani nimeingia mara moja, siku bomba lilipopasuka.
Lakini hao wote" (kidevu chake kikaelekea umati)
"nawajua kwa chini."

Saa moja jioni, ilikuwa Jumapili,
kasri likawaka, taa maelfu kwa mpigo mmoja,
uwanja mzima ukavuta pumzi
na simu zikainuliwa juu kama mikono ya waombao.
Mallika hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa,
kidole chake kikipita polepole
juu ya kisigino changu.

Kempamma naye hakugeuka.
Mwanga ule ulimfaa mgongoni:
rafuni zilisalia jozi tatu
na wenyewe walikuwa bado hawajatokea.