Malimbikizo

Basi la matembezi liliondoka Plymouth saa moja na nusu asubuhi,
pauni thelathini na mbili kwa kichwa, chakula juu yako.
Baba alizigeuza kuwa shilingi, mara ya tatu sasa,
akatazama dirishani kama mtu aliyeibiwa.
"Kwa hela hii Kyerwa ningenunua mbuzi."

Siew Lan, mwenzangu wa zamu ya usiku,
alilala kiti cha mbele na viatu vya wodini miguuni.
Kwao ni Ipoh. Nilipomwalika kuona mgodi wa bati
alicheka hadi lifti ikatupita ghorofa:
"Siku yangu ya mapumziko, unirudishe nyumbani?"

Penzance kwanza. Saa mbili za kujitembeza.
Bahari imenuna, rangi ya sufuria isiyosuguliwa.
Shakwe akashuka akampokonya Baba pai mkononi,
mchana kweupe, mbele ya benki.
Baba akampigia makofi.
"Huyu angefaa udalali wa madini."

Kisha kilima, ng'ombe, ukungu,
na mabomba ya moshi yasiyo na moshi
yamesimama ukingoni kama wageni waliosahauliwa kukaribishwa ndani.

Tulivishwa kofia ngumu. Aliyetuongoza aliitwa Denzil,
mchimbaji wa zamani, mkono wa kushoto pungufu vidole viwili.
Alisema walichimba mpaka chini ya bahari,
na siku ya dhoruba waliyasikia mawe
yakibiringika juu ya dari lao.
Nilitafsiri. Baba aliinua uso akasikiliza
kana kwamba bado yanabiringika.

Kwenye njia nyembamba alijigonga. Akasimama hapo hapo gizani:
"Mtaka cha mvunguni..."
akaningoja, kama zamani nilipokuwa darasa la pili.
"Sharti ainame," nikamalizia.
Siew Lan akataka kujua. Nikamweleza.
Akasema bibi yake alichekecha bati mtoni, kwa karai la mbao,
ameinama tangu alfajiri,
na alipozeeka mgongo ulikataa kunyooka
hata kitandani, hata siku ya kuoshwa.
Baba aliposikia alivua kofia,
akakumbushwa sheria, akaivaa.

Chumba cha mwisho ni cha kubadilishia nguo.
Ovaroli zingali zinaning'inia, zimekauka umbo la watu.
Kipande cha sabuni, kimepasuka.
Denzil akasema bei ilianguka kule London
wao wakiwa chini, hawana habari,
na wakapanda juu wakiwa hawana kazi.

"Muulize kama waliwalipa."
Nikamuuliza. Akainua mabega.
"Mwambie sisi tuliambiwa tusubiri Jumatatu."
Nikamwambia.
"Mwambie Jumatatu ipi, hawakusema."

Hapo Denzil alicheka, akacheka, mpaka kicheko kikageuka kikohozi,
na Baba naye akaanza,
wazee wawili wameshikilia benchi moja,
wanakohoa bila mkalimani.
Kikohozi hicho nakijua.
Nimelelewa nacho, ukuta wa pili,
kilikuwa ndiyo saa yetu ya usiku.

Dukani walikuwa wanauza vijiwe, pauni sita kimoja.
Baba akakipima kiganjani, akafumba jicho,
akakirudisha. "Bati kidogo, maneno mengi."
Siew Lan alinunua kadi ya bahari yenye jua,
jua ambalo hatukuliona.

Turudipo giza limeingia, wengi wanakoroma.
Nikakumbuka nyumba yetu: miaka ishirini na sita alichimba bati
chini ya paa la nyasi;
mabati yalikuja kwa mshahara wangu wa kufuta wagonjwa wa watu,
na siku yalipopigiliwa alisema tu,
"Hili si bati, mwanangu. Ni chuma kimepakwa rangi."

Basi likapiga kona. Kitu kikagonga sakafu, kikaviringika
mpaka kwenye kiatu cha Siew Lan.
Jiwe, jeusi, ukubwa wa yai, limelowa bado.
Nilimtazama Baba.
Hakufumbua macho.
"Si wizi," akasema. "Ni malimbikizo."