Neno Lililohama Ngeli

Kila miaka kadhaa nalipaka upya,
rangi nyekundu, brashi ya manyoya ya kindi,
magoti yangu kwenye nyasi mbichi
kando ya barabara, hapa Uswidi,
malori ya mbao yakipita na kunirushia tope.

Jiwe ni la Gyrid. Hakuchonga mengi:
*Gyrid alilisimamisha kumkumbuka Assur, mwanawe.
Alifia magharibi, katika viking.*

Katika.
Hapo ndipo mkono wangu husita.
Hakusema alikuwa nani. Alisema alikuwa wapi,
kama tusemavyo: yuko safarini, yuko mavunoni.
Kwa Gyrid neno lilikuwa mwendo,
kitu cha kwendea na kurudia,
na Assur hakurudi.

Wapo wasemao limezaliwa na *vik*, hori,
maji yaliyopenya nchi kavu kama ulimi.
Wengine: la, ni Viken, watu wa ghuba ile ya Norwe.
Wengine wanahesabu makasia: *vika*, zamu,
ukichoka wewe, mwenzio anashika.
Mimi naipenda ile ya zamu.
Siwezi kuithibitisha. Naipenda tu,
hasa mgongo ukiniuma.

Baadaye neno likahama ngeli,
likatoka kwenye tendo, likaingia kwenye mtu.
Ng'ambo walilitamka huku wakikomea milango.
Hata huku kwetu likanuka:
mnyang'anyi, mwizi wa pwani.
Kisha likalala, karne juu ya karne,
ukoga ukilila herufi kwa herufi,

mpaka wakaja waungwana wa tai na kiu ya mababu,
wakaliamsha, wakaliosha damu,
na fundi wa mavazi ya jukwaani akalitia pembe.
Tangu hapo halijapumzika.
Nimeliona kwenye biskuti, kwenye nyembe,
kwenye jezi za mpira na meli za watalii.
Mwaka juzi walikuja vijana na bendera,
wakapiga picha wamelikumbatia jiwe,
wakasema ni damu yao.
Nilifunika kopo la rangi nikaenda zangu.
Kwa siku tatu sikutaka kuiona rangi nyekundu.

Leo mjukuu wangu Ture amenifuata
na kofia ya plastiki, pembe mbili, moja imepinda.
"Bibi, Assur alikuwa Viking?"
Alikuwa mtoto wa mtu, nikamwambia. Aliondoka.
"Na pembe zake?"
Nikampa brashi.

Herufi ni nyembamba, lazima uinamie karibu,
pumzi yako irudi usoni kutoka kwenye jiwe.
Pembe zikagonga. Akainama tena, zikagonga tena.
Akaivua kofia, akaitupa nyasini,
akaanza na jina la Gyrid, ulimi nje,
rangi ikivuka ukingo wa mchongo.
Sikuifuta.

Mvua ikaanza, ile nyembamba isiyo na haraka.
Kofia ililala chali,
ikakinga maji.