Sekunde Nne

Kazi yangu ni kukata kimya.
Alhamisi, saa tatu usiku, Kurum, studio namba mbili,
nakaa nyuma ya kioo na chai ya maziwa iliyokwisha poa,
na sauti za watu zimelala kwenye skrini
kama milima ya barabara ya Nizwa:
kilele, bonde, kilele.
Mabonde ndiyo yangu. Nayafukia.
Msikilizaji hangoji, husema mkuu wa vipindi,
ukimpa kimya kidole kishahamia Dubai.

Leo mgeni wetu ni Muadhi, mhandisi, kijana wa Barka.
Kiswahili chake amekichota jikoni kwa bibi yake,
kina karafuu tele, ngeli hakina.
Ameifundisha mashine kuchora viua vya kofia.
Imekula kofia elfu kumi na moja, anasema,
sasa inatoa mpya kila dakika
na hakuna inayofanana na mwenziwe.
Thuraya anauliza vizuri, ndiyo kawaida yake:
ubunifu ni mali ya nani,
utamaduni ukiingia kwenye kompyuta
hutokea mlango gani.
Muadhi anajibu bila kupumua.
Sina cha kukata.

Taa ya simu. Laini ya tatu: Ibra.
Bi Ghaliya binti Seif, mshona kofia,
anataka kwanza kujua kama sisi wote hatujambo,
mmoja mmoja, hata mimi nisiye na jina hewani.
"Nimeziona kofia za mwanangu huyo,
mjukuu kanionesha kwenye simu.
Nzuri. Siwezi kusema uongo usiku wa kuamkia Ijumaa.
Lakini tundu ziko wapi?"

Muadhi anacheka kidogo. Tundu?

"Tundu, baba. Unatoboa kwanza, ndipo unazunguka na uzi.
Kofia ni tundu. Uzi ni wa kuzishika tu zisikimbie.
Zako ni picha za uzi.
Mtu atavaa mwezi wa sita, kichwa kitokote."

Muadhi, kwa adabu zote, anasema tundu zinaweza kuongezwa.
Toleo lijalo.

Hapo Bi Ghaliya akanyamaza.

Moja. Kidole changu kiko juu ya kitufe.
Mbili. Thuraya ananitazama, nyusi zimepanda.
Tatu. Huko Ibra feni inazunguka, friji inafungwa,
mtoto anauliza kwa Kiarabu chaja iko wapi.
Nne.

Kisha akafyonya.

Mfyonyo mrefu, wa kutoka kwenye magego,
ule ambao haukuandikwa kwenye pasi ya mtu
na bado ulivuka na kila aliyevuka.
Ukanijaa masikioni,
nikajikuta nina miaka saba na nimevunja glasi ya wageni.

"Haya mwanangu," akasema. "Mungu akufungulie."
Simu ikakatika.

Kwenye lifti Muadhi alikuwa mwekundu wa masikio.
"Yule mama," aliniuliza, "namba yake mnayo?"
Nikamwandikia kiganjani. Karatasi hatuna siku hizi.

Sasa saa tano, niko peke yangu na mashine ya kwetu,
ile inayoandika kipindi chote, neno kwa neno, kwa ajili ya maktaba.
Imeandika "ubunifu" mara ishirini na sita, haikukosea hata moja.
Penye mfyonyo imeandika: kelele.
Inaniuliza, kelele ziondolewe?

Nimejaribu kuuandika mwenyewe.
F, y, tena y. Nikafuta. Herufi zimenishinda,
na mimi nimesomea lugha.

Hapana, nimebonyeza.
Sekunde nne nazo nimeziacha, zikae kama zilivyo,
na mkuu wa vipindi Jumapili atakuwa na la kusema.

Nimevua kofia yangu, ya riyali ishirini, ya Matrah,
nikaiinua kwenye taa ya dawati.
Ukutani pametokea vitone vya mwanga.
Nimehesabu mpaka mia na kumi na kitu,
simu ya mke wangu ikaita,
nikapotea,
nikaanza tena.