Mtumaji: Lamara

Jumapili, nyuma ya stesheni ya Bari,
mabasi madogo yamefungua milango ya nyuma
na Zurabi, dereva, ametundika mizani ya ndoano
kama muuza nyama.
Yuro moja na nusu kwa kilo, hadi Kutaisi.

Miaka kumi na minne Lamara amepanga foleni hapa
na tambi, na sabuni, na viatu vya mwanawe
ambaye miguu yake ilikua haraka kuliko barabara:
kila jozi ilifika ikiwa tayari inabana.

Leo maboksi matatu, kalamu nene.
Mtumaji: Lamara.
Mpokeaji: Lamara.
Zurabi anasoma, anacheka,
kisha hacheki.

Jana usiku alifungasha.
Birika la kahawa, lile dogo la alumini,
mpini uliungua siku Bi Addolorata alipoanguka bafuni.
Lichukue.
Shuka za kitani alizopewa na binti wa marehemu
badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho.
Zichukue,
ingawa zinanuka dawa
na herufi zilizodariziwa pembeni si za jina lako.
Funguo, rudisha.
Namna ya kumgeuza mgonjwa usiku bila kumwamsha,
kiganja chini ya bega, goti juu ya godoro:
hiyo haitozwi kwa kilo,
lakini mgongo unaibeba.

Manana, binamu yake, alikuja na keki na maneno.
Kaa mwaka mmoja tu. Kuna mzee Monopoli,
hasemi, halalamiki, ana televisheni kubwa.
Mwaka mmoja!
Lamara ameukaa huo mwaka mmoja mara kumi na nne.
Katika mmojawapo mama yake alizikwa,
naye, bila karatasi za kumvusha mpaka,
aliyaona mazishi kwenye simu, amejifungia na mashine ya kufulia
inayozunguka, inayozunguka,
na jeneza likakwama kwenye kioo, mtandao umekatika,
si juu si chini ya ardhi,
huku chumba cha pili sauti inaita: Lara! Lara!
(Jina lake lilikuwa refu mno kwa mdomo usio na meno.)

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Yeye alipewa jembe kabla ya maji ya kunywa.
Hilo halimuumi tena.
Linalomkosesha usingizi ni upande wa pili wa methali:
kule kwao atakuwa mgeni siku ngapi,
na nani atathubutu kumkabidhi jembe,
yeye aliyelipia paa, mabati ya kijani
anayoyajua kwa picha,
ambaye hajawahi kusikia mvua ikiyapiga?

Siku hizi anaota kwa Kitaliano.
Matusi tu ndiyo yamebaki ya kwao.

Kilo hamsini na nane, anasema Zurabi. Na wewe?
Mzaha wa kila Jumapili, kwa kila mwanamke.
Lakini Lamara anaishika ndoano kwa mikono miwili,
anakunja magoti,
koti linapanda, soksi zinaonekana, wenzake wanashangilia,
mshale unatikisika, unatafuta.
Sabini na moja.
Alikuja na hamsini na sita.
Hakuna anayeuliza hizo kumi na tano ni za nani.

Ndege ni Jumanne. Maboksi yatafika Jumatatu ifuatayo,
Zurabi akipenda na Uturuki ikipitika.
Kwa hiyo siku sita
atakuwa nyumbani kwake bila birika, bila shuka,
bila zawadi hata moja ya kuinua mbele ya uso,
na Tekle, mjukuu, miaka sita,
anayemwita Bibi wa Simu,
atamzunguka polepole sebuleni,
atamgusa kiwiko, atamgusa shavu,
akitafuta
mahali pa kubonyeza.