Picha ya Baiskeli

Wamekuja vijana wa kamati, watatu,
na tepu ya kupimia ukuta wa sabla.
Wanataka picha za waliokwenda vita vya Dhofari.
"Za sare tu, mama," wananiambia,
"zipendeze, ziwe za aina moja."

Nimepekua sanduku la bati, nimepekua mito.
Baba hana picha ya sare.
Ana hii: Tabora, mlango wa duka,
amepanda baiskeli isiyo yake,
kiatu kimoja kimefungwa kamba, kingine kimeachama,
nyuma yake majora ya bafta na kaniki.

Alifika Mudhairibu mwaka wa sabini na moja
na Kiarabu cha kuombea dua na kununulia chumvi.
Watoto walimfuata hadi mferejini
kusikia anavyosema "maji".
Kazi zilikuwa mbili: mitende ya watu, au jeshi.
Mitende ina bwana wake, alisema,
na jeshi lina bwana wake,
ila jeshi linatoa viatu.

Wakapanda lori wanne:
Sleyum wa Bi Rayya,
Mhenna aliyewahi kuendesha magari ya pamba Bujumbura,
Baba,
na Durmohamedi, Mbulushi,
aliyejifunza Kiswahili humo humo njiani,
matusi kwanza, kama ilivyo ada.

Huko milimani wakapewa redio kwa ajili ya lugha.
Kiarabu, adui alikisikia chote.
Hakusikia: "Sleyum, maji yako wapi,
au umeyaendea Kigoma?"
Walitegewa masikio usiku kucha, Baba alisema,
watu wakidhani hiyo ni siri nzito,
kumbe tunaulizana nani kabakisha sukari.

Kisha ukaingia msimu wa harifu.
Ukungu ukashuka, manyunyu, mlima ukageuka kijani
mpaka wana wa jangwani wakavua viatu, wakacheka.
Baba hakucheka.
Aliandika haya kwenye boksi la biskuti,
kwa penseli, na boksi ninalo:

*Nyasi hizi nazijua, nilizikata Tabora,*
*Na ukungu na mvua, vina ileile sura,*
*Bunduki naichukua, bega lazoea jora,*
*Mama akiwasumbua, semeni yungali bara.*

Ubeti mmoja. Upande wa pili wa boksi
ni hesabu ya madeni ya sigara.

Habari za Durmohamedi alizitaja mara moja tu,
uzeeni, nikimkata kucha.
Kwamba alimbeba tangu adhuhuri hadi alasiri.
"Watu husema maiti huongezeka uzito.
Uongo. Ni wewe unayepungua."
Nikamuuliza: na yule wa upande wa pili,
aliyempiga, naye alipatikana?
"Alipatikana."
Alikuwa wa wapi?
"Wa kijijini."
Akavuta mkono wake.
Kucha mbili hazikukatwa siku ile.

Kamati wamenirudia na picha yangu mkononi.
Haifai, wanasema, inaharibu mstari.
Nikawaambia basi ning'inizeni boksi la biskuti.
Wakatazamana.
Bi Zuwena, mjane wa Mhenna, aliyekuwa akichambua dengu
na kujifanya hasikii, akasema bila kuinua kichwa:
"Wangu mna sare yake, na hakuna aijuaye sauti yake.
Tundikeni."

Wametundika. Mwisho kabisa, karibu na kiyoyozi,
panapotoa matone.
Sleyum, kifua mbele. Mhenna, na kofia.
Durmohamedi, picha ya kitambulisho iliyokuzwa
hadi uso umekuwa vumbi la nukta.
Halafu kijana wa Tabora, anacheka, mguu kwenye pedali.

Siku za Idi watoto hunivuta nguo:
huyu alipigana kwa baiskeli?
Nami sina la kuwaongezea.
Nawaambia baiskeli haikuwa yake.